Malimba Yaliyo Chini ya Kanzu

Mwanangu Shomari,

Barua hii utaikuta juu ya nguo zako utakapofungua sanduku kutia kitabu chako cha mwisho. Isome kabla hujalifunga. Usiipeleke kuisoma kwenye gari la moshi kesho, maana huko itakuwa imechelewa, na kuchelewa kwangu kumetosha.

Habari za safari siziandiki. Namna ya kufua kanzu, dawa ya tumbo, nani wa kumwamkia ukishuka Dar es Salaam na nani wa kumkwepa, hayo Bi Chiku amekueleza tangu juzi mpaka naona umeanza kuitikia kabla hajasema. Habari za shule unazijua kuliko mimi. Mimi shule ya serikali niliikaa miezi mitatu, na kabla ya hapo chuoni kwa maalimu, ambako fimbo ilifundisha zaidi ya maalimu. Lakini kuandika naandika. Hata liwali mmoja wa pwani aliwahi kuniita nimwandikie barua, akaisoma, akalia, akavua kilemba chake akanivika mimi.

Hapana. Hiyo ifute. Wino ni wa kuazima na karatasi ni za kuhesabu, siwezi kuanza upya, lakini ifute kichwani mwako. Leo nimejiapiza kusema ya kweli tu, na unaona mwenyewe, hata nusu ya ukurasa sijafika.

Niandikapo hivi jua limeegemea mlima Mindu. Wewe umekwenda mjini kuwaaga walimu wako, Bi Chiku yuko jikoni anakaanga mihogo ya safari, Mwanaidi yuko mtoni. Nina nafasi mpaka magharibi.

Mamako alipofariki, dada yangu wa pekee, wewe ulikuwa na meno mawili ya mbele. Nilikutoa Mlali nikakuleta hapa Mzinga mgongoni, mvua inanyesha, wewe umelala na mdomo wazi shingoni mwangu. Wazee hawakuniuliza kama nataka. Kwetu sisi Waluguru nani huuliza? Mtoto wa dada ni wa mjomba. Nami sikuwa na mke wakati ule, nilijifunza kupika uji kwa kuunguza sufuria za jirani.

Ulikua kimya. Ukimwambia mtu shikamoo, ilikuwa shikamoo ya kuuambia mchanga. Mwenye kuamkiwa anageuka kutazama kama imetoka kwako au kwa kuku. Mimi nikaona basi, nyumba hii ina watu wawili, mmoja hasemi, mwingine lazima aseme kwa wawili. Nikakusimulia simba wa Kisaki mpaka simba yule akaota mvi. Wewe ulikuwa ukisikiliza, unachokonoa kidole cha mguu, na sikujua hata siku moja kama unaniamini.

Kisha nikamwoa Bi Chiku, mjane wa mhunzi kutoka huko huko Kisaki, akaja na bintiye Mwanaidi. Mwezi wa kwanza ulikula umeupa uso ukuta. Bi Chiku akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanao ananichukia?"

Nikamwambia, "Hakuchukii. Hata mimi hunisalimia kama anayekopesha."

Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Mwacheni. Chuma baridi hakigongwi."

Nilicheka. Sikujua kwamba ameshaanza kuwasha moto.

Yale mliyokuwa mkiyafanya kule mtoni, mimi niliyajua tangu mwanzo. Ninyi mlidhani sijui. Niliona mnapotea kila siku baada ya kazi za shamba, mmoja kwa njia ya juu, mmoja kwa njia ya chini, kama wezi wa ndizi. Nikawafuata. Nikajibanza nyuma ya jiwe kubwa, na umri wangu huu, na siafu wananipanda.

Nikasikia mtu anasema, "Hicho cha pili kutoka kushoto kinalia kama mbuzi."

Nilitaka kuchungulia nimwone huyo mgeni mwenye sauti hiyo. Ulikuwa wewe!

"Wewe ndiye unaimba kama mbuzi," Mwanaidi akajibu. "Imba tena nikivute."

Ukaimba. Yeye akakishika kile chuma cha kwenye kibao cha malimba kwa meno, akakivuta kidogo, akakigonga kwa kijiwe, akakubinya kidole gumba ukipige. Ukaimba tena. Mkafanya hivyo mpaka sauti yako na sauti ya chuma zikawa moja, mimi nisiweze kujua ipi imeishia wapi. Naye akakueleza kwamba babake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, alimwachia yeye avute mivukuto, na ndiye aliyemwambia kuwa malimba hayalinganishwi na mtu mmoja. Anayepiga, masikio yake yanamwonea huruma. Lazima awepo wa pili.

Nikarudi nyumbani nikakaa jikoni bila kusema neno, mpaka Bi Chiku akanipima homa shingoni.

Vyuma vya kwanza vilikuwa vya mwavuli uliokufa, vikakataa kutoa sauti nene. Siku nyingine nikiwa nyuma ya jiwe langu nikasikia ukimuuliza, "Kipande hiki cha waya umekitoa wapi?"

"Kilikuwa chini ya nguzo ya simu, karibu na reli. Mafundi walikitupa. Kimeshika kutu, hakina mwenyewe."

"Kila kitu cha Mdachi kina mwenyewe."

"Basi tusimwambie mtu," akasema Mwanaidi. "Hata baba."

Ukasema, "Hasa mjomba."

Mkacheka wote wawili. Hayo maneno mawili yaliniuma, sikufichi. Lakini mlikuwa mmenijua sawasawa.

Unakumbuka kilichofuata. Waya wa simu ulikatwa huko mbele kwenye njia ya Kilosa, jumbe akapita na ngoma akitangaza: atakayeonekana na waya, hata wa urefu wa kidole, atalala chini kwenye boma apigwe kiboko. Mkaacha kwenda mtoni. Malimba mkayafunga kwenye kaniki, mkayatia chini ya kitanda chako. Niliyaona. Nami nilipaswa kuyachukua siku ile ile nikayazike migombani. Nikawaza, nikiyazika watajua kwamba nilikuwa nikichungulia. Ndilo kosa la kwanza. Lilikuwa dogo, na ndilo lililozaa mengine.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo ninapotaka kuiacha kalamu nikamsaidie Bi Chiku na mihogo.

Siku mbili baadaye nilikuwa mjini, kwenye baraza la duka la Mhindi, tunacheza bao na kunywa kahawa. Mtani wangu Masanja, yule Mnyamwezi niliyebeba naye mizigo zamani, alikuwa amenila kete zote. Akanianza.

"Wewe Mluguru, kwako unafuga mtoto au kisiki? Nimemsalimia mpwa wako mara tatu leo, anatazama miguu yake kama aliyedondosha sindano."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Kisiki hicho kinaimba kuliko babu zako wote."

"Kinaimba na nani? Na mchwa?"

Damu ikanipanda. Angenitukana mimi ningemjibu kwa mzaha, kwani utani ni wetu tangu zamani. Lakini mimi nilikuwa nimekusikia. Ukimtoa Mwanaidi, mimi peke yangu katika Morogoro nzima nilijua ulivyo na sauti, na siri ile ilikuwa mdomoni mwangu kama kiazi cha moto. Nikakitema. Nikasema mpwa wangu ana malimba ambayo hata Unyamwezi hayajaonekana. Nikasema vyuma vyake havikutoka kwa mhunzi, vimetoka kwenye simu ya Mdachi mwenyewe, ndiyo maana vinasema hata usipovigusa.

"Nani alikwenda kuvitoa huko juu?" Masanja akauliza, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Mimi! Nilipanda nguzo kwa mkono mmoja, nikaukata waya kwa meno!"

Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Mtu mmoja wa kanzu safi, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, alicheka kuliko wote. Akanisogelea. "Mzee, umenifurahisha. Unakaa wapi, nije niyasikie malimba hayo?" Nami nikamwelekeza, njia ya Mzinga mpaka migomba ya mwisho, kushoto. Nikamlipia na kahawa. Alikuwa tarishi wa akida.

Walikuja kesho yake asubuhi, yeye na askari wawili. Mimi nilikuwa nashuka shambani, tukakutana pale njia panda chini ya migomba. Tarishi akaninyooshea kidole: "Ndiye huyu. Amesema amekata waya kwa meno."

Askari mmoja akaniambia nifumbue kinywa. Nikafumbua. Akatazama meno yangu, unajua yalivyobaki, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Malimba ni ya nani?"

Shomari, palikuwa na nafasi pale. Nafasi ya kutosha mtu kuvuta pumzi mara moja. Ningesema ni yangu. Nimesema ni yangu juu ya mambo elfu ambayo hayakuwa yangu: pembe za ndovu, simba, kilemba cha liwali. Lile moja ambalo ningelidai, mdomo ukanikauka. Nikasema, "Ya mpwa wangu. Yako chini ya kitanda chake, kwenye kaniki."

Wakapanda. Mimi nikabaki chini ya migomba. Niliposikia Bi Chiku anapiga kelele ndipo nikakimbia kupanda, nahema, nauliza, "Kuna nini? Kuna nini hapa?" Ulinitazama kwa macho ya mtu aliyeona msaada umefika.

Boma walikupa nusu ya ile hamsa ishirini ya viboko kwa kuwa ulikuwa mtoto. Walikuuliza nani aliyevigonga vile vyuma. Ukasema ni wewe. Walikuuliza mara nne. Nilikuwa nje ya ukuta, nikasikia kila jibu. Kiboko kilipoanza niliziba masikio, kwa hiyo kama ulilia au hukulia mimi sijui, na sijawahi kuwa na haki ya kukuuliza.

Usiku ule ulilala kifudifudi, Bi Chiku anakukanda mgongo kwa maji ya majani. Ukaniita. Kwa sauti ile ya mtoni, sauti kamili.

"Mjomba. Nani amesema?"

Ndilo swali la kwanza ulilowahi kuniuliza bila kutazama chini. Na jibu langu nalikumbuka neno kwa neno. Nilikuambia, "Nyumba hii ina watu wanne. Mimi ni damu yako. Hesabu mwenyewe."

Ukahesabu. Nikaona unavyohesabu. Uligeuza uso ukaupa ukuta, kama ule mwezi wa kwanza, na Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maji. Tangu siku ile, masika mawili yamepita, hujamwambia neno. Akikupa chakula unakipokea kwa mkono usiomtazama. Umeishi na mtu mmoja aliyekufundisha kusema, ukiamini ndiye aliyekuuza. Aliyekuuza alikuwa upande wa pili wa sinia, anakusimulia simba.

Nataka nikueleze jambo moja, si la kujitetea. Nilipokuwa na umri kama wako, jumbe wa kwetu alikuja kwa mjomba wangu kutaka mtu wa kubeba mizigo ya msafara. Waliotakiwa walikuwa vijana wakubwa, mimi sikuwa mmoja wao. Mjomba akaniita, akanipa kipande cha mua, akasema, "Nenda na mabwana hawa, watakuonyesha bahari." Bahari sikuionyeshwa. Nilionyeshwa njia ya Kisaki, na robota la nguo lililonitoa nywele za utosini. Nililia siku nne. Siku ya tano, Masanja, huyu huyu, akanitania kwamba machozi yangu yanaongeza uzito wa mzigo. Nikamjibu kwa uongo fulani, watu wakacheka, nikaona kwamba anayesimulia halii. Tangu hapo sijanyamaza.

Yule simba wa Kisaki, niliyekusimulia kwamba nilivutana naye pembe ya ndovu mpaka alfajiri, alikuwa fisi. Wala sikuvutana naye. Alikuja akachukua ngozi yangu ya kulalia akaondoka nayo, nami nikiwa nimejifunika macho. Kovu la mkono wangu ni la sufuria ya uji wako.

Mimi mjomba wangu nilimchukia mpaka alipozikwa, na niliapa kwamba mtoto wa dada yangu hataniona mimi kama nilivyomwona yeye. Basi unaona. Hata mua sikukupa.

Sasa la mwisho. Juma lililopita nilisikia kugonga kule mtoni. Nikaenda, safari hii bila kujificha. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye lile jiwe, ana mbavu za mwavuli na kibao cha mninga mapajani. Nikamuuliza anamtengenezea nani. Akagonga chuma kimoja mpaka mwisho, ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Baba, siku ile nilikuwa natoka kuteka maji. Nilikuwa migombani."

Nikakaa kwenye tope.

"Ulisikia?"

"Mpaka ya chini ya kitanda."

"Masika mawili! Kwa nini hukumwambia?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi. "Ningemwambia, angebaki na nani? Ninyi kwenu mtu ni mjomba. Ndugu wa kambo akikosekana, watu wanaishi."

"Na wewe ulibaki na nani?"

Akainua kile kijiwe chake cha kugongea, akanionyesha, akaendelea na kazi.

Leo mchana, alipoyamaliza, alinipa malimba yale niyaweke sandukuni mwako, nikuambie nimeyanunua kwa Mhindi. Shomari, nilikubali. Nisikufiche: nilipokuwa napanda kilima nilikuwa nimeshatunga bei niliyomshushia Mhindi, na maneno aliyosema Mhindi, na jinsi mke wa Mhindi alivyotoka nje kunitazama. Nilifika mlangoni ndipo nikajisikia. Nikaingia nikatafuta karatasi.

Yako chini ya kanzu nyeupe. Yatoe. Hayana kipande cha waya hata kimoja, ni mwavuli mtupu, boma hawana la kusema. Utaona chuma cha katikati kinacheza, hakijakazwa. Nilidhani amesahau, nikamuuliza. Akasema, "Hicho kinasubiri sauti ya mwenyewe. Huko Dar es Salaam atampata mtu wa kumsikilizia." Wewe unajua kama ataonekana. Mimi sijui muziki.

Sikuambii unisamehe. Hiyo itakuwa kazi nyingine nimekutwika, na wewe una safari. Nichukie, nakuruhusu, nami najua namna yake, inaweza kuchukua miaka mingi. Lakini chuki yako imekaa kwenye mlango usio wake, na kesho saa moja gari linaondoka. Mwanaidi atakuwa amerudi kutoka mtoni utakapomaliza kusoma. Huwa anakaa nyuma ya jiko wakati huo, peke yake, tangu mwaka juzi.

Mimi sitakuwepo. Nitakuwa chini kwenye njia panda, pale pale nilipofumbua kinywa. Malimba hayana sauti ya kufika mbali, lakini masikio yangu ni ya mwizi, yanaijua njia. Nikisikia, nitapanda kula. Nisiposikia, nitapanda vilevile, kwa sababu asubuhi sanduku lazima lifike kituoni na wa kulibeba ni mimi. Katika yote niliyokusimulia juu ya ujana wangu, upagazi tu ndio ulikuwa wa kweli. Nitalitia kichwani kutoka hapa Mzinga mpaka Morogoro, wewe mbele, mimi nyuma. Tutakutana na watu, unawajua watu wa njia ile, watataka kujua huyu kijana ni nani na anakwenda wapi.

Utawajibu wewe.

Mjomba wako,
Athumani